Tahadhari: Maji ya Elgon Hayagongi Muhuri Mpakani

Wewe uliyelima kando ya Sio, wewe unayelala karibu na daraja la Malaba, wewe wa Tororo uliyejenga bondeni kwa sababu kiwanja cha mwinukoni kilikushinda bei: mvua itakayokufukuza nyumbani huenda usiisikie kabisa. Itanyesha Elgon usiku, na juu ya paa lako nyota zitakuwa zinawaka. Saa chache baadaye maji yatakuwa uani. Masika ya Machi hadi Mei yanakaribia, na ninaandika sasa kwa kuwa yakishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma. Tutakuwa tunatafutana.

Tazama jinsi maji yanavyosafiri. Mto Lwakhakha unashuka Elgon ukiwa ndio mpaka wenyewe, ng'ambo moja Kenya na ng'ambo ya pili Uganda. Ukiteremka unaitwa Malaba, unapokea maji ya Malakisi kutoka upande wa Bungoma, unapita kati ya miji miwili yenye jina lake, kisha unaiacha Kenya na kuingia Tororo, ambako wakazi wa mjini hunywa maji yake, hadi Mpologoma na Ziwa Kyoga. Sio nao unaanzia kwenye miteremko ya chini ya mlima huohuo, unashuka kupitia Busia, unakuwa mpaka kwa kitambo, halafu unamwaga Ziwa Victoria. Magharibi kuna Manafwa, utokao Bududa na kufurika Butaleja, eneo ambalo hadi mwaka 2005 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo. Mashariki kuna Nzoia, unaokusanya maji ya Cherangani na ya Elgon na kuyatua Bunyala. Mlima ni mmoja. Nchi ni mbili, kaunti na wilaya ni nyingi, na kila ofisi ina kipande chake cha mto.

Tumeshaonywa vya kutosha. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka Nametsi, Bududa, ukafukia nyumba na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Oktoba 2018, Bududa tena, Mto Suume ulishuka na mawe ya kuvunja nyumba ukapita katikati ya watu kule Bukalasi. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, udongo ukawafunika watu usingizini. Na katikati ya hayo kuna usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Julai 2022, pale mito Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake na kuingia mjini Mbale.

Nataka tukae kidogo kwenye usiku huo wa Mbale, kwa sababu Mbale si mbali. Kutoka Tororo hazifiki kilomita 50, na ni mji wa namna ileile: soko, karakana, steji za magari, nyumba za kupanga zilizobanana hadi ukingoni mwa mto, madaraja yaliyojengwa enzi ambazo mlima bado ulikuwa na miti. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo abiria ambao gari lao lilichukuliwa na maji ya Nabuyonga lilipojaribu kuvuka. Hawakufia nyumbani. Walikuwa njiani, mahali walipopita mara nyingi, na dereva aliona maji akadhani yanapitika.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yaani kufika kwenye kifundo cha mguu au juu yake kidogo, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30, gari dogo linaanza kuelea. Yakifika 60, hata pikapu na matatu huenda nayo. Usiku hutayaona ni sentimita ngapi, na wala hutajua kama barabara iliyo chini yake bado ipo. Ukifika darajani ukakuta maji yamepanda juu ya lami, rudi. Abiria wakipiga kelele kwamba wanachelewa, rudi. Wewe abiria, dereva akikataa kurudi, shuka.

Upande wa chini hali ina sura nyingine. Watu wa Bunyala hawahitaji kufundishwa mafuriko ni nini. Matuta ya Nzoia yalipasuka mwaka 2003, yakapasuka tena 2007, 2008 na 2011, na mwaka 2020 familia nyingi zilihama na magodoro vichwani katikati ya janga la korona. Kila mara tuta likazibwa, na kila mara watu wakarudi, kwa sababu shamba liko palepale na mwenye shamba hana pengine. Mwaka huohuo wa 2020 Ziwa Victoria lilifanya jambo ambalo vijana walikuwa wamelisikia tu: mwezi Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964 kwa sentimita moja. Fukwe za Sio Port, Port Victoria na Majanji zikamezwa. Mwaka 2024 ziwa likaivuka tena alama hiyo.

Ziwa likijaa, mto hauna pa kumwagia. Maji ya Sio na Nzoia yanafika mdomoni yanakuta ukuta wa maji mengine, yanasimama, kisha yanarudi nyuma na kupanda mashambani. Ndiyo maana mkazi wa ufukweni anaweza kufurikiwa siku ambayo mvua yenyewe si kubwa. Anayetazama mawingu peke yake hatapata picha kamili. Itabidi atazame na kiwango cha ziwa.

Tororo ina hatari yake ya pekee, nayo ni mazoea. Kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huu ulipimwa ukawa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, ukaingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Mtu aliyezaliwa chini ya jabali la Tororo amesikia radi tangu tumboni, na hainui tena kichwa inapopiga. Lakini radi inaua. Juni 2011 iliwaua wanafunzi 18 wakiwa darasani katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Shule zetu ngapi, kuanzia Tororo hadi Nambale, zina nguzo ya kuzuia radi iliyofungwa vizuri na waya ulioshuka hadi ardhini? Mwalimu mkuu aliulize hilo kwenye mkutano wa wazazi muhula huu. Watoto wakiwa uwanjani ngurumo ikaanza, mpira usimamishwe na waingie ndani, wakae mbali na madirisha na mabomba, na pasiwe na mtoto wa kujikinga chini ya mwembe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Utabiri wa msimu kwa nchi zetu hutolewa kwa pamoja na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, kilichoko Ngong. Wataalamu wa Uganda na wa Kenya huketi chumba kimoja na kukubaliana juu ya ramani moja. Baada ya hapo kila upande unaondoka na kipande chake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda inaandika ya Uganda, Idara ya Utabiri ya Kenya inaandika ya Kenya. Ya Kenya inashuka kwa kaunti hadi kwa chifu, ya Uganda inashuka kwa wilaya hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1. Hakuna kosa katika hilo. Ndivyo serikali zinavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba mtu wa kwanza kuuona mto Malaba ukipanda huenda akawa upande mmoja, na mtu wa kwanza kufa akawa upande wa pili.

Mifano mizuri tunayo. Mwaka 2014 Butaleja ilifungiwa ving'ora vinavyotumia nguvu za jua kando ya Manafwa, kwa ushirikiano wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ili mto ukipanda kijiji kiamshwe. Bunyala ina Bulala FM, redio ya kijamii iliyoanzishwa kwa msaada wa Idara ya Utabiri ya Kenya, inayowatangazia Wanyala habari za mto kwa lugha yao, na kwenye daraja la Rwambwa kina cha Nzoia hupimwa kabla maji hayajafika kwenye matuta. Haya yalizaliwa na misiba, na yanafaa kuigwa. Lakini Manafwa ni wa Uganda mtupu, na Nzoia ni wa Kenya mtupu. Mito inayoshirikiwa ndiyo inayotaka watu wa pande mbili kukubaliana kwanza.

Fanya jaribio hili wiki hii. Muulize mwenyekiti wako, au naibu wa chifu, au mzee wa mtaa: maji yakipanda Lwakhakha saa nane za usiku, nani anampigia nani simu? Usikubali jibu la "serikali", wala la "kamati". Dai jina na nambari. Kama hakuna jina, basi kijiji chako hakina tahadhari hata kama ofisini kuna makabati yaliyojaa mipango. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na mfumo wa kuonywa mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kwa mtu wa Malaba, ahadi hiyo itaanza kuwa na maana siku simu itakapolia kabla ya maji.

Na tusijidanganye kwamba yote yanatoka mlimani. Bonde la kinamasi la Sio-Siteko, linaloshirikiwa na Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, kazi yake ni kukaa na maji: linayapokea, linayapunguza kasi, linayaachia polepole. Kila tuta la mpunga linalosogezwa ndani ya kinamasi, kila lori la mchanga linalochotwa ukingoni, linaipunguza kazi hiyo. Sheria nazo zinatofautiana kwa namna inayomchanganya mkulima. Uganda inataka nafasi ya mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni, na mita 30 kwa mito mingine. Kenya inataka kati ya mita 6 na 30. Mto ni uleule. Ndugu wawili wa Kiteso wanaotazamana ng'ambo wanaambiwa mambo mawili kuhusu maji mamoja. Mimi naona Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zingeweza kukaa na kuchagua kipimo kimoja kwa mito ya mpakani, kile kipana, bila kungoja Nairobi na Kampala. Mpaka siku hiyo, pima mwenyewe. Kama mlango wako uko chini ya mita 30 kutoka majini, hesabu nyumba yako kuwa ya kiangazi.

Wachimbaji wa dhahabu wa Tiira, Busia ya Uganda, na vijiji vya jirani, nanyi nawasihi. Shimo lililochimbwa kwenye udongo mkavu si shimo lilelile baada ya mvua ya siku mbili. Kuta zake hulainika kwa ndani kabla ya kuonekana nje. Asishuke mtu baada ya mvua kubwa, na zebaki inayotumika kushika dhahabu isiachwe kwenye mabeseni yanayoweza kufikiwa na maji, maana kijito kikiibeba, wanaokunywa chini ndio watakaoila pamoja na samaki.

Nini basi kifanyike, na nani afanye? Bangladesh iliwahi kupoteza watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi kwa kimbunga kimoja, Novemba 1970. Miaka miwili baadaye ilianzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini, wenye vipaza sauti, bendera na baiskeli. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipopiga pwani ileile, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa kwa wakati, na vifo nchini humo havikufika 100. Yapo maghorofa ya kukimbilia na yapo mawasiliano ya setilaiti, lakini hodi ya mwisho mlangoni hupigwa na jirani.

Sisi tunao watu hao tayari. Usafiri wa bodaboda ulizaliwa hapa Busia miaka ya 1960, vijana wakiwavusha wasafiri kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo wako kila njia panda. Wana steji, wana mwenyekiti, wana makundi ya WhatsApp, wanajua nyumba ya bibi asiyeweza kutembea na wanajua njia ambayo haiko kwenye ramani. Mpakani wengi wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na pesa zote mbili mfukoni. Hakuna jeshi wala ofisi inayoweza kuamsha Busia kwa nusu saa. Bodaboda wanaweza.

Mpango nionao mimi ni huu. Kwenye kila daraja la Lwakhakha, Malaba na Sio isimikwe nguzo yenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, zilizopigwa kwa kufuata alama za mafuriko ambazo wazee wa hapo wanazikumbuka. Rangi kopo moja, fundi mmoja, asubuhi moja. Karibu na kila nguzo wateuliwe watu wawili wa kuitazama usiku wa mvua, mmoja wa kila upande. Maji yakigusa njano, wanapiga simu steji ya chini yao. Yakigusa nyekundu, steji inatoa pikipiki zote, honi haziachi kulia, na kila nyumba iliyo kwenye orodha inagongewa. Steji hiyo nayo inapigia inayofuata, Kenya au Uganda, hadi Tororo kwa upande mmoja na hadi Sio Port na Majanji kwa upande wa pili. Redio za eneo, Rock Mambo ya Tororo na Bulala ya Bunyala zikiwamo, zitangaze kwa Kiteso, Kisamia, Kijapadhola, Kinyala na Kiswahili, na zitaje jina la kijiji. "Mvua kubwa inatarajiwa magharibi mwa nchi" haimwinui mtu kitandani. "Maji yamefika nyekundu daraja la Malaba, watu wa bondeni tokeni sasa" inamwinua.

Mafuta ya pikipiki hizo yalipwe na kaunti na wilaya, yawekwe kando kabla ya msimu. Tusimwombe kijana aokoe mji kwa pesa za chakula cha watoto wake.

Orodha ya nyumba itatoka wapi? Dar es Salaam ilionyesha njia. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaa ya mabondeni kwa miguu wakichora mitaro, vichochoro na nyumba zinazofurikiwa. Shule za sekondari za Busia na Tororo zina vijana wenye simu. Wachore nani yuko chini, nani ana kitanda cha mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, na shule au kanisa gani liko mwinukoni na ufunguo wake unakaa kwa nani. Jambo la ufunguo msilipuuze. Watu wanaweza kufika salama mlangoni wakanyeshewa hadi asubuhi.

Halafu kuna yale yanayokuja maji yakishapungua, ambayo huua kimyakimya. Choo cha shimo kikifurika, kilichokuwa chini kinaelea hadi kisimani. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mwenye nguvu zake ndani ya saa chache, na hapa kwetu mtu anaweza kuamka Sofia, Busia ya Uganda, akauza mboga Busia ya Kenya mchana, akalala kwa shangazi Tororo. Kisima kilichofunikwa na mafuriko msikinywe, hata maji yakionekana meupe, mpaka watu wa afya wakitibu kwa klorini. Chemsheni, au tieni dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mgonjwa akianza kuharisha maji yanayofanana na ya mchele, mpe kinywaji hapohapo huku mkienda hospitali: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe njia nzima. Na msimfiche kwa kuogopa kufungiwa soko au kurudishwa mpakani, maana anayefichwa ndiye anayewaambukiza wanaomuuguza.

Wiki hii, kabla ya lolote: weka vitambulisho, vyeti vya watoto, hati ya shamba na dawa za mgonjwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uutundike mahali ambapo hata mtoto anajua. Zibua mtaro ulio mbele ya duka lako hata kama taka ni za jirani. Andika nambari ya mwenyekiti wa steji ukutani kwa chaki. Upande wa Kenya, Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Pande zote mbili polisi ni 999 au 112.

Na viongozi wa Busia mbili, Malaba mbili na Tororo, pangeni Jumamosi moja ya mazoezi mchana kweupe kabla Machi haijafika. Mtu asimame kwenye daraja la Lwakhakha na mwingine kwenye daraja la Sio, kila mmoja apige simu ya kwanza, na wengine washike saa wahesabu ni dakika ngapi habari inachukua kufika nyumba ya mwisho bondeni Tororo na ufukweni Majanji. Simu ikikwama mahali, mtajua ni kwa nani, na mtakuwa bado na muda wa kumweka mtu mwingine pale.